Mwaka Niliofua Mkanda wa Picha

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Sanje, na nilikuwa nimejipamba kiasi kwamba bibi harusi mwenyewe alinitazama kwa wasiwasi. Nimekaa meza ya wazee, sahani ya pilau mbele yangu, nazungumza na mwalimu mkuu mstaafu mambo mazito kabisa ya taifa, mara nikasikia sauti kutoka upande wa masufuria: "Jamani! Yule si ndiye aliyefua mkanda?" Sikuhitaji kugeuka. Duniani kuna mtu mmoja tu mwenye sauti ile, sauti ya kuitia ng'ombe waliokwisha vuka mto. Ni Dafroza. Tulikuwa hatujaonana miaka zaidi ya thelathini, na badala ya kuniamkia kama watu wazima wanavyoamkiana, alinijia na mwiko mkononi akawageukia watu: "Mnamwona huyu mama mwenye kilemba? Mkanda wa picha ulitakiwa kusafishwa, yeye akaufua kwa sabuni, akauanika kwenye kamba!" Mwalimu mkuu alicheka mpaka meno ya bandia yakataka kuhama. Mimi nilicheka kuliko wote, tukakumbatiana, mwiko ukanichora mchuzi mgongoni. Kijana mmoja aliyekuwa na kamera ya zamani kifuani, ya mkanda, eti ndiyo fasheni mpya huko Dar es Salaam, akasogea na kuniuliza kwa adabu, "Kwa hiyo mama, ulikuwa hujui kusafisha?" Nikamwambia, "Mwanangu, nilijua kusafisha kuliko mtu yeyote Ifakara. Ndiyo ilikuwa shida."

Nimeona niuandike mwaka ule mwenyewe kabla Dafroza hajaumaliza wote kwa mdomo. Habari za ukoo wangu nitaziruka. Ndugu zangu ni wengi, kila mmoja ana ulimi wake, watajieleza. Itoshe kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini, jina Skola, darasa la saba mkononi na masomo ya jioni ndiyo kwanza nimeyaanza. Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni na nalisema hilo mbele ya profesa yeyote. Wenzetu walisoma asubuhi wakiwa wabichi. Sisi tulisoma sehemu na desimali baada ya kazi ya kutwa, mbu wa Ifakara, wenye ukubwa wa njiwa, wakituimbia masikioni. Ukiielewa desimali katika hali ile, huisahau mpaka kaburini.

Kazi niliipata studio kwa Fundi Athumani, nyuma ya soko. Fundi alikuwa mtu wa Kilwa, mwembamba, kanzu safi siku zote, na maneno yake yalikuwa machache kama wali wa hospitali. Studio ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa na kioo, kitana kilichofungwa kamba ili kisiondoke na wateja, na koti moja la kijivu ambalo nadhani limeoa wanawake wengi kuliko mwanamume yeyote wa bonde lile, maana kila bwana harusi kuanzia Mlimba mpaka Sanje alipigwa picha ndani yake. Nyuma ya mteja kulikuwa na pazia lenye mchoro wa ndege ya abiria. Mchoraji hakuwahi kupanda ndege, kwa hiyo aliiwekea mlango wa mbao na mapazia ya maua madirishani. Chumba cha kati tulikula na kupangia picha. Cha tatu kilikuwa chumba cha giza. Mlango wake ulifunikwa blanketi jeusi, na ndani kulikuwa na taa nyekundu, masinia ya dawa, na mtungi mkubwa wa maji uliovishwa gunia bichi. Ndani ya masinia yale vitu viwili ndivyo vilivyokuwa vikubwa: dawa ya kutoa picha, na dawa ya kuikaza isififie, ambayo mafundi wote waliiita haipo. Siku yangu ya kwanza, nikiwa nafagia, nilimsikia Fundi akiuliza kutoka gizani, "Dafroza, haipo ipo?" Naye akajibu, "Haipo haipo, Fundi. Ilikuwepo haipo kidogo jana." Nikaegemea ufagio nikajisemea, Skola, umeajiriwa na vichaa.

Dafroza alinitangulia kazini miaka miwili na hakuacha niisahau hiyo miwili. Yeye ndiye aliyeingia chumba cha giza. Mimi nilipokea wateja, nikawachana nywele, nikawafunga vifungo vya koti na kuwaambia wasipepese. Mchana tulikula pamoja chumba cha kati, wali na samaki kitoga wa mchuzi, au pepeta pale mpunga mchanga ulipoanza kutwangwa, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wateja waliosubiri walitujua tunakula nini nasi tuliwajua wanasengenya nani. Nilitamani chumba kile cha tatu kama mtoto anavyotamani kabati la sukari. Mtu aliingia humo na kitu kisicho na sura, akatoka na watu.

Sasa, kilichoniponza ni Kiswahili chenyewe. Kwetu mkanda ukishapigwa, unasafishwa. Kila mtu anasema hivyo: nimepeleka mkanda kusafisha, picha zangu zimesafishwa. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini, mwezi wa Juni, watu wanavuna, Fundi akaitwa shuleni kupiga paspoti za walimu. Alipokuwa anatoka akasema bila kugeuka, "Skola, mkanda wa Idete uko mezani. Dafroza akirudi mwambie ausafishe, wenyewe wanauhitaji." Dafroza alikuwa amekwenda kutafuta samaki, na Dafroza akienda kutafuta samaki unaweza kudhani amekwenda kuwazaa. Nikamngoja. Nikaona uvivu gani huu, kazi ya usafi nimngoje mtu? Nikaufungua ule mkanda juu ya meza, dirisha wazi, jua limejaa chumbani. Ndani ya karatasi kulikuwa na utepe wa rangi ya maziwa yaliyochacha, na picha hata moja hakuna. Nikasema, kweli huu mchafu! Nikachota maji, nikatia sabuni ya unga, nikausugua kwa kitambaa laini taratibu pande zote mbili. Ulitoa povu zuri sana. Nikausuuza kwa maji matatu, nikauanika uani kati ya shuka la studio na kanga yangu, nikaubana kwa vibanio viwili usipeperuke. Nikarudi kukaa na moyo mweupe kama mtakatifu.

Dafroza aliporudi aliona, akaangusha samaki. Fundi aliporudi alisimama uani muda mrefu. "Skola," akasema, "kile nini pale kando ya shuka?" "Ni mkanda wa Idete, Fundi. Nimeshausafisha." Akakigusa kibanio kimoja, akakiachia. Nikaona nimsaidie: "Nimesuuza mara tatu." Fundi akaingia chumba cha giza, akajifungia, na mlio uliotoka humo mpaka leo Dafroza anasema kilikuwa kilio na mimi nasema kilikuwa kicheko. Alipotoka aliniketisha kwenye kiti cha wateja, mbele ya ile ndege, akanieleza pole pole kwamba mkanda haupendi mwanga, kwamba picha ilikuwa imelala ndani ya ule utando wa maziwa ikisubiri dawa gizani, na kwamba mimi nimeiamsha kwa jua na kuimaliza kwa sabuni. Halafu akanieleza ni picha ya nani. Ni hapo ndipo nilipoacha kujitetea. Ilikuwa ya Bibi Otilia wa Idete na binti yake, Sista Imakulata. Sista alikuwa anatumwa na shirika lake Zambia, ataondoka Novemba kwa treni, na hakuna aliyejua atarudi lini. Mama yake alikuwa hajawahi kupigwa picha maishani. Alikuja mjini mara ile moja, miguu imevimba, kwa sababu binti alitaka kwenda Zambia na uso wa mama yake.

"Utakwenda Idete ukamwambie mwenyewe," Fundi akasema. "Mimi siwezi kumweleza neno sabuni."

Nikaenda kwa baiskeli. Ni kama kilomita mia mbili. Ramani inasema ni pungufu sana ya hapo, lakini ramani haikuipanda baiskeli ile. Nilimkuta Bibi Otilia anapepeta mpunga uani, mwanamke mfupi, mnene, anazungumza na ungo wake. "Shikamoo Bibi." "Marahaba. Wewe si yule wa kuniambia nisipepese? Ziko wapi picha?" Nikamwambia yote, kichwa chini. Ungo ukasimama. "Umefua?" "Nimefua, Bibi." "Kwa sabuni?" "Kwa sabuni." "Ya kipande au ya unga?" "Ya unga, Bibi." Akafikiri. "Basi walau nilikuwa safi." Kisha akanitukana kwa Kipogoro matusi ambayo hata leo, na elimu yangu yote, siwezi kuyatafsiri kwa wino. Alipomaliza akanipa togwa ninywe, maana mgeni ni mgeni. "Sasa hivi navuna, na miguu hii haiji tena Ifakara. Mtakuja ninyi na kamera yenu kabla Imakulata hajaondoka. Na mwambie yule Mzee Athumani: picha hiyo utaisafisha wewe. Si yeye, si yule msichana wa sauti. Aliyevunja chungu ndiye anayekwenda kuchimba udongo."

Nilidhani Fundi atacheka. Hakucheka. Jioni ile ile, kabla sijaenda darasani, akaninyanyulia blanketi jeusi.

Watu wananiuliza uzuri wa mkanda ulikuwa wapi, na simu hii inatoa picha elfu kabla chai haijapoa. Najibu kwamba uzuri wake ulikuwa huko gizani. Simu inakuonyesha ulichokwisha kukiona. Mkanda ulikunyima kwanza. Ulikuwa na picha kumi na mbili tu, kila moja umeichagua, kisha ukaingia nayo mahali ambapo hata mkono wako huuoni, ukaushika mkanda kwa ncha zake mbili na kuupitisha ndani ya sinia la dawa, juu chini, juu chini, kama mtu anayebembeleza. Baadaye chini ya taa nyekundu, karatasi nyeupe ikalala ndani ya dawa, ukaona kwanza nyusi, halafu kola, halafu mtu mzima anakutazama. Nimeona vitu vingi maishani, nimeona hata rais akipita Ifakara, lakini sijaona kitu cha kushinda nyusi zile.

Shida ilikuwa muda. Wakati mkanda uko ndani ya dawa hapana taa hata nyekundu, na saa ya ukutani gizani ni bati tu. Kwa hiyo mafundi walihesabu kwa walichokijua. Fundi Athumani alihesabu kwa tasbihi yake. Dafroza alitumia Salamu Maria, ishirini na nne kwa mkanda mmoja, na picha zake zilitoka barabara. Nami nikachukua Salamu Maria ishirini na nne zile zile, lakini zangu zilikuwa zinatoka kama mahindi ya kukaanga. Mkanda wangu wa kwanza wa majaribio ulitoka mweupe pee. Ndani yake, padri aliyekuwa akibariki pikipiki alionekana kama mvuke uliovaa miwani. Fundi akaunyanyua kwenye mwanga. "Skola, ulikuwa unasali au unakimbizwa?" Wa pili nikajilazimisha taratibu, nikasinzia kwenye ya kumi na tisa, ukatoka mweusi kama chini ya sufuria. Miezi ilikwenda hivyo. Kitu kimoja tu nilikishika haraka: maji. Dawa ilitaka ubaridi wa maji ya mtungi asubuhi. "Chovya kidole," Fundi alikuwa akisema. "Ikiwa na ubaridi wa mtungi, hesabu yote. Ikifika joto la maji ya kuogeshea mtoto, dawa ina pupa, punguza hesabu." Nilikuwa nimeogesha watoto wengi wa watu. Vidole vyangu havikuhitaji desimali.

Novemba ikafika na joto lake. Joto la Ifakara la Novemba linaivisha yai mfukoni. Sista alikuwa aondoke Jumamosi, sisi Alhamisi ndiyo tukaenda Idete, na mzigo wa mikanda kutoka Dar es Salaam ulikuwa bado njiani. Ndani ya kamera zilibaki picha tatu. Fundi aliwakalisha mama na binti mbele ya nyumba, mimi nikashika shuka jeupe pembeni kuwarudishia mwanga usoni. Wingu zito likaja. Fundi akasema mwanga ni mdogo, watulie kama mawe. Picha ya kwanza, Bibi akageuka kumfukuza kuku. Ya pili, akageuka kuhakikisha kuku amekwenda. "Mama, tulia basi," Sista akasema. "Nimetulia! Nyie ndio mnanisumbua." Fundi akafuta jasho, akaweka jicho kwenye kamera kwa ile ya mwisho. Ndipo Bibi akamgeuzia binti uso, akamshika mkono, akaanza: "Sasa nisikilize kabla sijasahau. Huko usikubali kulazwa chumba kinachovuja. Na ukiugua usiniandikie kwamba hujambo, nakujua mwandiko wako wa uongo." Wingu lilikuwa linamalizia jua. Fundi akabonyeza. Kisha akainua kichwa, uso umemshuka. "Mdomo," akaninong'oneza. "Mdomo ulikuwa wazi." Enzi zile picha ya mdomo wazi ilikuwa picha iliyokufa, Fundi hakuwahi kumpa mteja hata moja. Tumaini letu lote likabaki kwenye zile mbili za kuku.

Ijumaa mchana, Fundi alipotoka msikitini, alinikabidhi mkanda. Dafroza alikuwa nyumbani na homa. Sista Imakulata alikuja kusubiri. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina, Sista." Akaketi nje ya mlango wa blanketi upande mmoja na rozari yake, Fundi upande wa pili na tasbihi yake, ili asipite mtu kufungua. Nikazima taa, nikaufungua mkanda. Nikachovya kidole kwenye dawa, nikajua: gunia la mtungi lilikuwa limekauka kwa lile joto, dawa ilikuwa ya kuogeshea mtoto, tena mtoto mwenye mafua. Ningeweza kutoka kutafuta maji ya baridi, lakini mkanda nilishaufungua tayari, uko mkononi mwangu, uchi. Nikautia. Juu chini, juu chini.

Nje, Sista akaanza kusali kwa sauti ya chini ili anisaidie kuhesabu. Ah, Sista yule! Alisali kama mtu ambaye mbinguni wamemwekea kiti, hana haraka hata kidogo. Salamu Maria yake moja ilikuwa tatu zangu. Upande wa pili shanga za tasbihi ya Fundi zikagongana, haraka kuliko Sista, polepole kuliko mimi. Dini mbili zinahesabu mlangoni, na mimi katikati na hesabu yangu. "Bado sana, Skola," Fundi akasema kupitia blanketi. "Yuko kwenye ya nane," Sista akasema. "Hapana Sista, yuko kwenye nusu." "Nusu ya nini, Mzee?" Nikaacha kuwasikiliza. Nikaacha hata kusali. Nikasikiliza vidole. Dawa ilikuwa inakula kwa pupa, niliihisi ikiteleza juu ya mkanda kama samaki aliyeshiba, na kitu fulani ndani yangu, ambacho hakikufundishwa asubuhi wala jioni, kikasema sasa. Nikautoa, nikautia majini, nikautia haipo.

Fundi alisikia maji. "Nani amekuambia utoe?" Sauti yake ilikuwa kali kuliko siku ile ya sabuni. "Vidole, Fundi." "Vidole!" "Dawa ilikuwa ya moto. Nimepunguza." Haipo ilipokwisha fanya kazi yake nikatoka na mkanda unachuruzika, na nikampa yeye, maana mimi niliogopa kutazama. Akauinua dirishani. Akautazama mwanzo mpaka mwisho, akarudia. "Weusi ni weusi," akasema. "Weupe ni weupe." Kwa mtu wa maneno machache kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akashusha mkono. Zile mbili za kuku zilikuwa zimetikisika. Bibi alikuwa na vichwa viwili na nusu. Ya tatu ilikuwa kali mpaka mishipa ya mkono ilionekana. Na mdomo wazi.

"Siwezi kumpa Sista hii," Fundi akasema.

"Fundi, treni ni kesho."

Nikaisafisha ile ya tatu kwenye karatasi kubwa, mkono wangu mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, na kesho yake nikaipeleka stesheni kati ya magazeti mawili kwa kuwa ilikuwa bado na unyevu. Sista alikuwa na masista wenzake na sanduku moja dogo. Nilianza kuomba radhi kabla sijafika. Nikaeleza wingu, nikaeleza kuku, nikaeleza kwamba Fundi anatuma salamu na aibu, na kwamba kwa kawaida sisi hatutoi picha ya namna hii. Alifungua magazeti nikiwa bado naongea. Bibi Otilia alikuwa pale, ameushika mkono wa binti yake, nyusi zimepanda, mdomo umefunguka katikati ya neno.

Sista hakutabasamu wala hakulia. Masista wawili walichungulia begani mwake, mmoja akasema, "Ee, mama anaongea!" Filimbi ikalia, watu wakaanza kupandisha mizigo. Sista aliishusha picha karibu na uso wake, kama mtu anayesogeza sikio.

"Nimesikia, mama," akaiambia. "Sitaandika uongo."